MAONI: Kabla ya kumpaka mtu filta, jiulize picha hiyo itaishia wapi

Miaka mitatu iliyopita nilimpiga nyanya yangu picha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni akichambua maharagwe, jua la saa kumi na moja jioni likimwangukia upande mmoja wa uso. Sikumwambia atabasamu wala akae wima. Niliita tu, "Shosh!" Akainua macho, nikabonyeza. Picha ilitoka fiti, bana.

Kisha nikafanya kile ambacho huenda hata wewe ulifanya jana usiku. Niliifungua kwenye programu ya kuhariri, nikachagua filta niliyoipenda wakati huo, na kwa sekunde mbili mikunjo ikayeyuka, ngozi ikalainika kama ya mtoto na weusi wake ukapungua. Nikaipandisha mtandaoni. Laiki zikamiminika. Simu ilipojaa, nikafuta picha ya awali na kubaki na ile iliyopakwa.

Mwaka jana nyanya alituacha. Wanaojua mambo ya mazishi wanajua moja ya kazi za kwanza za kamati ni kutafuta picha ya kuweka kwenye programu, na nyingine kubwa ya fremu itakayobebwa mbele ya jeneza. Ile ya kitambulisho ilikuwa imefifia. Yangu ndiyo iliyochaguliwa. Siku ya maziko, mama mmoja aliyelima pamoja na nyanya kwa zaidi ya miaka 40 aliishika ile programu, akaisogeza karibu na macho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani, mjukuu wangu?"

Nilimwambia ni shosh. Akaitazama tena, akaikunja na kuitia kwenye mkoba bila kusema neno.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu picha. Msimamo wangu ni huu: kila picha ni uamuzi kuhusu jinsi mtu au mahali patakavyoonekana, na uamuzi huo ni wako pamoja na yule unayempiga. Usiuachie kiwanda cha simu, wala jamaa aliyetengeneza filta akiwa mbali, asiyemjua shosh wako. Na njia iliyonifundisha hili huenda ikakushangaza: kupiga picha kwa mwanga usioonekana kwa macho, yaani infraredi.

Subiri, usitoroke. Hili si somo la fizikia la Form Three.

Chukua rimoti ya TV. Fungua kamera ya simu, hasa ile ya mbele, elekeza ncha ya rimoti kwenye lenzi kisha bonyeza kitufe chochote. Kwa simu nyingi utaona kitaa kikimulika, cheupe au cha zambarau, ilhali ukiitazama rimoti kwa macho huoni kitu. Huo ndio mwanga wa infraredi. Macho yetu huona mwanga wenye mawimbi ya urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700. Ukipita hapo, kwetu ni giza. Lakini sensa ya kamera inaendelea kuona hadi karibu nanomita 1,100.

Sasa, kwa kuwa sensa inaona kupita kiasi, kiwanda huweka kioo chembamba mbele yake cha kuzuia infraredi ili rangi zifanane na zile tunazoona sisi. Ukifanya jaribio la rimoti na usione kitu, kioo cha simu yako ni kikali. Yaani hata kabla hujagusa filta yoyote, tayari kuna mtu aliyeamua picha yako ione nini na isione nini. Kwa kazi nyingi huo ni uamuzi mzuri. Lakini bado ni uamuzi.

Kuna njia mbili za kuupindua. Ya kwanza ni kununua kioo cha nanomita 720 kinachofungwa mbele ya lenzi. Kinazuia karibu mwanga wote wa kawaida na kupitisha infraredi. Ukikitazama kinakaa cheusi kama miwani ya kuchomelea vyuma. Kwa sababu kamera bado ina kile kioo chake cha ndani, mwanga unaofika kwenye sensa ni kidogo mno, kwa hivyo utahitaji tripodi na muda wa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Panga picha na uweke fokasi kwanza, ndipo ufunge kioo.

Njia ya pili ni kuchukua kamera ya zamani na kumpa fundi anayejua kazi aondoe kile kioo cha ndani. Hapo utapiga kwa mkono kama kawaida. Lakini tafadhali usijaribu mwenyewe na bisibisi. Ndani ya kamera yenye flashi kuna sehemu inayohifadhi umeme mwingi hata baada ya betri kutolewa, na inaweza kukurusha.

Kama una lenzi kuukuu za mtumba, chunguza karibu na alama za umbali. Nyingi zina nukta au mstari mdogo mwekundu ambao watu hudhani ni pambo. Ni alama ya infraredi. Mwanga huu hukutania mahali tofauti kidogo na mwanga wa kawaida, kwa hivyo unasogeza fokasi hadi kwenye alama hiyo.

Sasa twende Karura au pale Arboretum. Uliza mlangoni kuhusu ada za kamera kabla hujatoa vyombo. Na usiende alfajiri. Nenda saa sita mchana.

Ndiyo, saa sita. Hapa Nairobi tuko karibu sana na ikweta. Jua hupanda wima na kuzama wima, na ule mwanga wa dhahabu wa jioni ambao kila mtu anaukimbilia huisha upesi. Mchana jua likiwa utosini, wapiga picha wengi hukunja vyombo na kwenda kula chapo madondo. Infraredi ndipo inapoamka. Majani yatatoka meupe kama yamemwagiwa unga. Anga itakuwa nyeusi, mawingu yakiwaka juu yake. Maji ya mto yatakuwa kama wino.

Hiyo si filta. Ni jani lenyewe linavyofanya kazi. Rangi ya kijani iliyo ndani ya jani hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu ili kutengeneza chakula, lakini infraredi haiihitaji. Chembe za ndani ya jani huitawanya na kuirudisha nje. Mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alichapisha picha za aina hii mwaka wa 1910, na hadi leo mng'ao huo wa majani huitwa kwa jina lake.

Jani likiwa na kiu au ugonjwa, mng'ao huo hupungua, na hapo jambo hili linaacha kuwa mchezo wa wapenda kamera. Setilaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikipiga dunia picha tangu 1972, hulinganisha infraredi na mwanga mwekundu ili kujua malisho yako katika hali gani. Mwaka wa 2010 bima ya mifugo ilianzishwa Marsabit kwa kutumia vipimo vya namna hiyo: setilaiti ikionyesha nyasi zimekauka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji aliyekata bima analipwa. Kwa hivyo mwanga uleule unaoufanya mti wa Karura kuonekana kama wa ndotoni ndio unaoamua kama mzee mmoja kaskazini atapata pesa za kununua lishe ya ng'ombe. Kamera hapo haipambi chochote. Inasema ukweli ambao jicho halingeuona.

Ila mwanga huohuo umetumika pia kwa njia nyingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, filamu ya rangi ya infraredi ilitengenezwa ili ndege zitambue adui aliyejificha. Majani hai yalitoka mekundu au ya waridi, ilhali turubai lililopakwa rangi ya kijani halikufanya hivyo. Kodak iliendelea kuuza filamu ya aina hiyo kwa jina la Aerochrome, hadi ilipoacha kuitengeneza mwaka wa 2009.

Mpiga picha wa Ireland, Richard Mosse, alichukua mabaki ya filamu hiyo akaenda nayo mashariki mwa Congo kuanzia 2010. Milima ya Kivu ikatoka ya waridi. Wanajeshi wakasimama kwenye nyasi za rangi ya peremende. Kazi hiyo ilifika maonyesho ya Venice mwaka wa 2013, akiwakilisha Ireland. Wapo waliosema amewafanya watu waitazame tena vita ambayo dunia ilikuwa imeichoka. Wapo waliosema amerembesha mauti ya watu wengine.

Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Mosse hakumdanganya mtu, kwa sababu hakuna anayeamini kilima ni cha waridi. Uamuzi wake uko wazi mbele yako, na unaweza kubishana nao. Lakini nikiangalia wale vijana waliobeba bunduki, najiuliza kama kuna aliyewaeleza watakavyotoka, na kama kijana wa Goma angepewa filamu ileile angechagua kuelekeza kamera wapi. Sisi ambao tumezoea kupigwa picha na wageni tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza swali hilo. Badala yake tunafanya vilevile kwa jirani zetu wa mtaani, halafu tunaita "kontenti."

Turudi kwenye uso. Nilipopata kioo changu cha 720, nilimpiga binamu yangu picha chini ya mti, akiwa na suti nyeusi ya harusi. Suti ilitoka kijivu, maana rangi nyingi za vitambaa hazizuii infraredi. Ngozi yake, ambayo ni nyeusi tititi, ilitoka nyeupe na laini kama nta. Melanini hunyonya infraredi kidogo kuliko inavyonyonya mwanga wa kawaida, na mwanga huo huingia chini ya ngozi kiasi na kutawanyika humo, kwa hivyo chunusi na madoa yanapungua. Binamu alicheka hadi akaketi chini. "Umenifanya mzungu!"

Nilicheka pia. Halafu nikakumbuka shosh, na kicheko kikakatika. Matokeo yalikaribia kuwa yaleyale: ngozi laini, ngozi nyeupe. Kwa nini hii ilikuwa mzaha na ile ikawa kosa?

Nadhani jibu ni hili. Binamu alijua. Nilimweleza kabla ya kubonyeza, nikamwonyesha baadaye, na majani meupe nyuma yake yanamwambia kila mtazamaji kuwa hapa kuna mchezo wa mwanga. Filta niliyompaka shosh haikumwambia mtu lolote. Ilijifanya kuwa ni yeye, ila "amependeza." Na kupendeza huko kulikuwa na maana moja tu: awe mweupe kidogo, awe mdogo kidogo. Mimi mjukuu wake ndiye niliyekubali kwamba jinsi alivyo hakutoshi.

Na tabia hii haikuanza na simu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Zikiitwa kadi za Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine imewekwa sawa. Sisi wengine tulitoka kama kivuli chenye meno. Mtafiti wa Canada Lorna Roth, aliyeichunguza historia hiyo, anaeleza kuwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu zake yalitoka pia kwa wauzaji wa fanicha za mbao na watengenezaji wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikuwa zikionekana vizuri. Meza na chokoleti! Ukijua hilo, huwezi tena kuamini kwamba kamera haina upande.

Najua utanijibu nini, hasa kama unakula kupitia kamera. "Boss, wateja wenyewe ndio wanataka kung'arishwa." Ni kweli, nimewasikia. Lakini mara nyingi mteja anachokataa ni mwanga mbaya, si ngozi yake. Kamera ikiwa kwenye hali ya kujipangia hujaribu kuifanya picha nzima iwe na mwangaza wa wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaogopa ukuta na kumzamisha mtu gizani. Kisha unamwokoa kwa filta, na yeye anaona afadhali.

Mwokoe mapema. Mtoe juani, msimamishe kwenye kivuli karibu na mahali penye mwanga, kama mlangoni au chini ya kibanda, akitazama nje. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, si ukutani. Mpe rafiki karatasi nyeupe ya manila airudishe nuru upande wa kivuli. Ngozi nyeusi hupokea mwanga kwa uzuri usioupata kwingine: mwanga hukaa juu ya shavu, kwenye kipaji, kwenye mfupa wa bega, nayo sehemu iliyobaki ikawa na kina. Mfanyie mteja picha moja hivyo bila kugusa rangi, mwonyeshe kwanza hiyo. Akitaka bado kung'arishwa, ni uso wake na ni pesa zake. Lakini awe amejiona kwanza.

Wazee wetu wa kamera walilijua hili bila programu yoyote. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka wa 1948, alipiga watu uani kwa mwanga wa jua, shuka la kitanda likiwa pazia la nyuma. Wateja walijichagulia saa, redio, hata pikipiki ya kupigwa nayo. Miaka ya 1990 pale Likoni, Mombasa, wapiga picha walijenga vibanda kando ya feri vyenye mandhari ya meli, ndege na majumba. Mtu aliyeshuka kwenye matatu akiwa na vumbi alijiona yuko safarini. Zilikuwa ndoto, naam, lakini ni ndoto alizochagua mwenyewe, na uso uliokuwa ndani yake ulikuwa wake.

Kuhusu ridhaa, usidhani nakuhubiria tu. Mwaka wa 1998 kampuni ya Sony ililazimika kubadilisha baadhi ya kamera zake za video baada ya kugundulika kuwa uwezo wake wa kuona gizani, ukitumiwa mchana na kioo maalum, ungeweza kuonyesha mwili kupitia nguo nyepesi. Kwa hivyo unapompiga mtu kwa infraredi, mwambie, na umwonyeshe ulichopata papo hapo. Dada aliyekubali "picha ya kawaida" hajakubali hiyo.

Na sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Mwaka wa 2023 klabu moja jijini Nairobi ilipigwa faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Wewe na ukurasa wako wa Instagram wa kutafutia kazi mna Sh1.85 milioni?

Basi nikuombe mambo matatu tu. Usifute picha ya awali. Nunua diski, weka kwenye hifadhi ya mtandaoni, omba binamu akuwekee, lakini isipotee. Pili, kabla ya kubadilisha uso wa mtu, mwonyeshe jinsi ulivyompata. Tatu, cheza. Cheza sana. Geuza Karura nyeupe, geuza anga ya Athi River nyeusi, badilisha jekundu na buluu hadi mtaa wako ukae kama sayari nyingine. Ubunifu haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kumbadilisha mtu kimyakimya na kumrudishia kana kwamba ndiye.

Wikendi hii, kama bado una shosh au guka, nenda. Usibebe kamera ya mkopo, simu yatosha. Ngoja jua lishuke, mkalishe mlangoni, piga stori kwanza. Akisahau kuwa umeshika simu, mpige. Kisha mpe simu mkononi umuulize, "Shosh, huyu ni wewe?"

Akisema ndiye, hiyo usiiguse. Iko siku mtaihitaji.